Kuanza Kitabu cha Kumbukumbu cha Picha za Familia

Katika nyumba nyingi za kwetu ilikuwa ada kwamba mgeni akishapewa kiti na kuletewa soda au maji, kitu kinachofuata kuwekwa mbele yake ni albamu. Mwenyeji alikwenda jikoni kuangalia chungu huku mgeni akifunua kurasa, na aliporudi alikaa ubavuni mwake akaanza kumwonyesha kwa kidole: huyu ni kaka yetu mkubwa siku aliyomaliza darasa la saba, huyu ni wifi kabla hajaolewa kwetu, na hii ndiyo nyumba ya zamani kabla barabara haijapitishwa. Albamu zenyewe hazikuwa na neno lililoandikwa, kwa sababu maelezo yote yalikuwa mdomoni mwa mwenyeji. Wengi wa wenyeji hao wameshatangulia mbele ya haki, na picha zimehamia kwenye makopo ya biskuti, mifuko ya rambo na simu, zikiwa na sura ambazo hakuna aliyebaki nyumbani anayeweza kuzitaja majina.

Kitabu cha kumbukumbu ninachokieleza hapa ni albamu yenye maelezo yake ndani. Picha hukaa pamoja na maneno yaliyoandikwa kwa mkono, kadi ya mwaliko wa harusi, barua, kipande cha kanga, tikiti ya treni, na kitu kingine chochote chembamba kinachosaidia kueleza picha hiyo ilipigwa siku gani na kwa nini. Wengi wanaotaka kuanza huanzia dukani, wakanunua karatasi za rangi, stika na gundi, kisha vifaa hivyo hulala kabatini kwa sababu hawajui waanze na picha ipi. Mimi nashauri uanze na majina. Karatasi na gundi utavikuta dukani hata mwakani, lakini mzee wa miaka 82 anayemjua kila aliyesimama nyuma ya bibi harusi hana wa kuchukua nafasi yake.

Majina kwanza

Nilianza kazi hii na kopo la biskuti la marehemu baba, lililokuwa na picha zipatazo 200, nikasafiri nalo hadi Tanga kwa shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki katika tumbo lao. Kabla ya safari nilizipanga picha kwa makundi yasiyo na ugumu wowote: za kabla ya wazazi wangu kuoana, za utoto wetu, za sherehe, na zile ambazo sikujua chochote juu yake. Kundi la mwisho ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Kila picha ipewe namba. Picha za zamani za karatasi nene hupokea penseli laini, kwa hiyo iweke kifudifudi juu ya kioo au meza ngumu, kisha andika namba pembeni mwa mgongo wake bila kukandamiza. Picha za karibuni, hasa za kuanzia miaka ya 1970 na kuendelea, zimechapwa kwenye karatasi yenye tabaka la plastiki ambalo penseli huteleza juu yake. Hizo zitie kwenye bahasha ya karatasi, moja moja au chache chache, na namba iandikwe juu ya bahasha kabla picha haijaingia. Kalamu ya wino wa kawaida usiitumie mgongoni mwa picha, kwa kuwa ncha yake huacha mifereji inayoonekana upande wa sura, na wino wake unaweza kuhamia kwenye picha iliyolaliwa. Mikono ioshwe na ikaushwe kabla ya kuanza, na picha ishikwe kwa kingo zake, maana kidole chenye mafuta huacha alama ambayo leo huioni ila baada ya miaka itajitokeza.

Unapokaa na mzee, weka simu mezani ikirekodi sauti, na kabla ya kila picha taja namba yake kwa sauti, ili baadaye unaposikiliza ujue ni picha gani inayozungumzwa. Swali la "unamkumbuka huyu?" halizai sana, kwa sababu hujibiwa ndiyo au hapana. Uliza siku hiyo walikuwa wanatoka wapi, nguo ile ilishonwa na nani, nani alilipa mpiga picha, na nani alikuwepo siku hiyo lakini hakutokea pichani. Swali hili la mwisho limenipa habari nyingi kuliko mengine yote. Usimpitishe mzee kwenye picha zaidi ya 20 kwa kikao kimoja, kwa sababu atachoka na ataanza kujibu ili kumaliza. Tena zipo picha zinazouma. Shangazi alipofika kwenye picha ya mdogo wake aliyefariki akiwa kijana, aliitazama kitambo, akailaza kifudifudi juu ya paja lake, akaniomba maji. Tuliiacha picha hiyo tukaenda kwenye nyingine, na kesho yake asubuhi yeye mwenyewe ndiye aliyeirudia, akazungumza kwa karibu nusu saa.

Unapoyahamisha maelezo hayo kutoka kwenye rekodi kwenda kwenye karatasi, jihadhari na majina ya udugu. Mtu ninayemwita mjomba, mwanangu atamwita babu, na mke wangu atamwita jina jingine kabisa. Ukiandika "Mjomba akiwa Korogwe" bila jina, baada ya kizazi kimoja hakuna atakayejua ni mjomba wa nani. Andika jina la mtu, la baba yake na la babu yake ukilipata, kisha chagua mtu mmoja wa kupimia udugu wa kitabu kizima, kwa mfano bibi mzaa baba, na ueleze kila mtu alivyohusiana naye yeye. Wanawake wa kizazi cha bibi zetu wanaathirika zaidi, kwa sababu wengi walijulikana kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na jirani wa miaka 30 unaweza kumkuta anajua "Mama Salma" tu. Uliza jina alilopewa siku alipozaliwa, na uliandike pamoja na lile la kuitwa. Naona ni deni letu kwao kwamba angalau ndani ya kitabu cha ukoo wawe na majina yao wenyewe.

Miaka ina njia zake. Wazee wetu hawakuhesabu tarehe, walihesabu matukio, na matukio hayo tunayajua tarehe zake. Akikuambia picha ilipigwa muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, uko mwaka 1967. Akisema kaka yake alikuwa amerudi kutoka vita vya Kagera, uko 1979 au baada yake kidogo. Na mvua za El Nino zinakupeleka mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998. Mtu wa Zanzibar atapima kwa Mapinduzi ya Januari 1964, na wa Mombasa au Nairobi atakuambia ilikuwa kabla au baada ya kifo cha Mzee Kenyatta, Agosti 1978. Picha yenyewe nayo husaidia. Kanga za kumbukumbu za sherehe za kitaifa na za chama mara nyingi zimechapwa mwaka, na ukiwa na kioo cha kukuzia unaweza kuusoma pindoni. Televisheni ikionekana sebuleni Tanzania Bara, yamkini picha ni ya 1994 au baadaye, kwa kuwa ndipo matangazo yalipoanza huku Bara, ingawa wachache walikuwa na seti zao kwa ajili ya mikanda ya video. Zanzibar ilikwisha kuwa na kituo chake tangu miaka ya 1970. Tarehe ya rangi ya chungwa iliyochapwa pembeni na kamera za miaka ya 1990 iandike, lakini usiiamini peke yake, kwani wenye kamera wengi hawakuipanga saa yake.

Geuza kila picha uangalie mgongo wake. Studio za zamani zilikuwa na mihuri, na muhuri hukupa mji hata pale ambapo hakuna anayekumbuka. Picha yenye jina la Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, inakupeleka Mji Mkongwe wa Zanzibar, na yenye jina la Parekh inakupeleka Mombasa. Hata pazia lililochorwa nyuma ya waliopigwa picha ni ushahidi: ukikuta pazia lile lile kwenye picha mbili, moja ikiwa na mwaka na nyingine haina, umeshapata pa kushika. Usipokuwa na uhakika andika "mnamo 1975 hivi", na uache nafasi ya kusahihisha.

Kitabu cha kwanza kiwe kidogo

Asiyewahi kutengeneza kitabu cha namna hii huwa anataka kuanza na historia nzima ya ukoo tangu babu wa babu. Kazi hiyo haimaliziki, na kinachobaki ni kurasa nne zilizopambwa vizuri na kopo lililojaa. Chagua habari moja yenye mwanzo na mwisho: harusi ya wazazi, nyumba ya bibi na watu waliopita ndani yake, miaka ya baba kazini, au mwaka wa kwanza wa mtoto. Picha 25 hadi 30 zinatosha kabisa kwa kitabu cha kurasa 15. Katika picha sita za tukio moja chukua ile ambayo watu wanafanya jambo, kama kumenya nazi, kushusha mzigo au kumfunga bibi harusi ushungi, uache zile tano ambazo wamepangwa mstari wakitazama kamera, isipokuwa moja yenye watu wengi zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo orodha ya majina.

Zipo picha ambazo hazifai kuwa katika kitabu kitakachowekwa sebuleni. Picha za singo, yaani za bibi harusi akisuguliwa kwa manukato, na za ndani ya ukumbi wa wanawake zilipigwa kwa makubaliano kwamba zitabaki kwa wanawake, na makubaliano hayo hayaishi kwa sababu miaka 40 imepita. Watengenezee kitabu chao, kikae chumbani. Baadhi ya familia hazipendi picha ya marehemu ionyeshwe, wala picha za maiti na kaburi, na ni vyema kuuliza kabla ya kubandika. Kuhusu mume au mke wa zamani, msimamo wangu ni kwamba asikatwe kwa mkasi. Watoto waliozaliwa katika ndoa hiyo watakuja kuufunua ukurasa huo, na pengo lenye umbo la baba yao litawaumiza kuliko sura yake. Kama hawezi kuonekana, chagua picha nyingine na ile yake uihifadhi nzima kwenye bahasha.

Nakala ndiyo ibandikwe

Picha ambayo ipo moja tu duniani haifai kupakwa gundi. Tengeneza nakala, nakala iingie kitabuni, na picha yenyewe irudi kwenye bahasha yake yenye namba. Ukienda studio au kwenye duka la steshenari lenye skana, omba picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, na ndogo kama ya pasipoti iskaniwe kwa nukta 1200, kwa sababu hiyo utataka kuikuza. Nukta 300 zinatosha tu iwapo nakala itakuwa na ukubwa ule ule. Kama skana haipo karibu, simu nzuri inafanya kazi: laza picha juu ya meza karibu na dirisha ambapo mwanga unaingia lakini jua halipigi, zima taa ya kamera, na shika simu iwe sambamba na picha ili pande zake zisipinde. Faili hizo ukizituma kwa WhatsApp zitume kama dokumenti, kwani zikitumwa kama picha hupunguzwa ukubwa na huo ulioupoteza haurudi. Vivyo hivyo kwa picha ulizotumiwa na ndugu walioko Muscat au London: waombe wazitume upya kwa njia hiyo kabla ya kwenda kuzichapisha.

Anza kunakili picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980, hata kama za nyeusi na nyeupe zinaonekana kongwe zaidi. Picha ya nyeusi na nyeupe imeundwa kwa chembe za fedha, na ikioshwa vizuri hudumu miaka mingi. Ya rangi imeundwa kwa rangi za kemikali ambazo hufifia hata zikiwa gizani, na katika picha nyingi za wakati huo rangi ya buluu hutangulia kuondoka, ndiyo maana tunaziona zimegeuka nyekundu. Bibi harusi wa 1955 anaweza kukusubiri kuliko yule wa 1979.

Unapochapisha nakala, uliza kama zinachapwa kwa mashine ya kusafishia picha au kwa printa ya wino. Nyingi za printa za wino hutoa picha zinazochuja zikipata unyevu. Toa nakala moja ya majaribio, tia tone la maji kwenye kona yake, subiri dakika mbili, kisha panguza kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi, tafuta mahali pengine.

Vifaa

Nilipokuwa kijana nilinunua albamu ya kurasa za kunata, zile zenye mistari ya gundi na plastiki ya kufunika juu, nikabandika picha zote za harusi ya dada yangu. Baada ya miaka kama 15 mistari ile ilikuwa imegeuka rangi ya chai na kupenya kwenye karatasi za picha, na nilipojaribu kuzitoa, tatu zilichanika usoni. Kama nyumbani kwenu zipo albamu za namna hiyo, zipige picha ukurasa kwa ukurasa zikiwa humo humo, kisha jaribu kupitisha uzi wa kusafishia meno kati ya picha na karatasi, ukiuvuta taratibu kama anayekata sabuni. Ikikataa, iache, kwani nakala unayo.

Kwa kitabu chenyewe unaweza kutumia kaunta buku lenye jalada gumu, au faili la pete unaloweza kuongeza kurasa. Mimi napenda faili la pete, kwa sababu habari za familia haziji kwa mpangilio, na ukurasa wa 1968 unaweza kupatikana baada ya kumaliza ule wa 1990. Ukitumia kaunta buku, kata kila karatasi ya tatu ukiacha kipande cha sentimita 2 karibu na mgongo. Vipande hivyo hubeba unene wa vitu utakavyobandika, na kitabu hufunga bila kutanua mdomo.

Karatasi inayofaa ni nyeupe au ya rangi ya maziwa, nzito, isiyo na asidi. Maneno hayo huandikwa kwa Kiingereza, "acid free", kwenye paketi za karatasi nyingi za ofisi, na unaweza kuomba nzito za gramu 160 au zaidi. Asidi na lignini ya mti ndivyo vinavyofanya karatasi ya gazeti igeuke kahawia na kuvunjika, na huambukiza kilicho jirani. Manila za rangi kali zinapendeza siku ya kwanza, lakini rangi yake hupauka, na ikipata unyevu huhamia kwenye picha, basi zitumie kwa jalada au kwa fremu isiyogusa sura. Mifuko ya plastiki iwe ya polipropilini au poliesta. Ile yenye harufu kali kama ya mpira mpya kwa kawaida ni PVC, na hutoa kemikali zinazoharibu picha.

Solotepu, gundi ya viatu na gundi za kukauka papo hapo zisiguse kitabu. Solotepu hugeuka njano, ikatoa utomvu, kisha ikaachia. Gundi ya unga wa ngano iliyopikwa nyumbani ni salama kwa karatasi, lakini kwa hali yetu ya Pwani ni karamu ya mende. Kilichobaki ni gundi ya fimbo isiyo na asidi kwa nakala na karatasi, na kona za karatasi kwa picha halisi unazotaka zionekane. Kona hizo hutengenezwa nyumbani kwa urahisi. Kata ukanda wa karatasi wa sentimita 2 kwa 6, uulaze mbele yako, tafuta katikati ya ukingo wa juu, kisha kunja upande wa kulia ushuke hadi mstari wa katikati, na wa kushoto vivyo hivyo, mpaka ipatikane pembe kama ya paa la nyumba. Mikia inayozidi chini ikate. Umepata kijimfuko cha pembetatu: pembe ya picha inaingia ndani yake, na gundi inapakwa upande wa mikunjo tu, unaobandikwa kwenye ukurasa. Tengeneza kona nne kwa kila picha, uzivishe picha kwanza, kisha ndipo uibandike ukurasani. Picha itakaa imara na hakuna tone la gundi litakaloigusa, na siku mtu akiihitaji ataichomoa kama anayetoa barua kwenye bahasha.

Kupanga ukurasa

Panga bila gundi. Laza picha, kadi na karatasi za maelezo juu ya ukurasa, zisogeze, kisha ondoka ukafanye shughuli nyingine. Ukirudi utaona kinachosumbua jicho, na mara nyingi ni wingi wa vitu. Ukurasa mmoja ubebe habari moja, picha moja iwe kubwa kuliko nyingine, na robo ya ukurasa iachwe kwa maandishi. Ukishapendezwa na mpango, upige picha kwa simu ili ukumbuke kila kitu kilikuwa wapi, ndipo uanze kubandika. Mapambo yatoke ndani ya habari yenyewe. Ukanda mwembamba wa kanga aliyovaa bibi siku ile una uzito kuliko stika za vipepeo. Ila ufue kwanza, uukaushe, kisha ulaze juu ya kitambaa cheupe kilicholowa kuona kama bado unatoa rangi.

Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule visibandikwe wala visipigwe laminesheni, bali vitolewe nakala. Kipande cha gazeti nacho ni nakala tu. Barua ya asili iwekewe bahasha bapa ya karatasi iliyobandikwa ukurasani, ili msomaji aitoe na kuifungua mwenyewe. Mapishi yaliyoandikwa na mama kwa mkono wake, hata yakiwa na madoa ya samli, yapewe ukurasa mzima.

Maandishi yaandikwe kwa mkono, kwa kalamu ya wino wa pigmenti usiochuja, na mwandiko usikuzuie hata kama si mzuri. Maelezo mafupi ya chini ya picha yataje waliomo kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka, na aliyetoa habari: "Kushoto, Fulani bin Fulani. Studio, Tanga, mnamo 1974 hivi. Kwa maelezo ya shangazi." Juu ya hapo ongeza sentensi mbili au tatu ambazo picha haiwezi kuzisema. Chini ya picha ya baba akiwa na redio mapajani nimeandika kwamba redio ile ilikuwa ya studio na kila aliyekuja aliishika, kwamba saa ya mkononi ndiyo ilikuwa yake, na ndiyo maana amekunja mkono wa shati. Maneno hayo niliyachukua kwa shangazi kama alivyoyasema, bila kuyapamba.

Kukihifadhi

Adui mkubwa wa picha kwetu Pwani ni unyevu. Uso wa picha umefunikwa kwa jelatini, ambayo hutokana na mifupa na ngozi za wanyama, na hewa ikiwa nzito jelatini hiyo hulainika, ikalisha kuvu na wadudu. Kitabu kisikae sakafuni, chini ya kitanda, wala kwenye kabati lililoegemea ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Kisimamishe au kilaze kwenye rafu ya katikati ya ndani ya nyumba, na usikifunge kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu ulioingia nacho hautatoka. Vifuko vya silika vinavyokuja na viatu na mikoba vikusanye uvitie ndani ya sanduku, ukivibadilisha kila vinapochoka. Kifungue kitabu mara kwa mara, hasa masika yakishapita, kipate hewa kivulini; mahali pa watu kufunua funua, mende na wadudu wala karatasi hawakai kwa raha.

Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu usiivute. Ipige picha ikiwa na kioo chake, na iache hapo. Na kama nyumba imeingia maji, picha zilizoshikana ziloweke kwenye beseni la maji safi ya baridi mpaka ziachane zenyewe, uzilaze moja moja sura juu kwenye kitambaa safi, kivulini. Ukizikuta nyingi kuliko unavyoweza kuzishughulikia siku hiyo, zitie kwenye friza zikiwa zimetenganishwa kwa karatasi ya kupikia, zitakusubiri.

Kitabu changu cha kwanza kina kurasa 14, na katika jalada lake la mbele nilibandika mfuko mdogo wa karatasi wenye penseli. Ukurasa wa tatu una vijana watatu mbele ya pazia lililochorwa minazi na mashua: baba katikati, kushoto rafiki yake ambaye shangazi alimtaja mara moja, na kulia kijana mwenye miwani myeusi ambaye shangazi hakumkumbuka, nikaacha mstari mtupu. Nilikiacha kitabu kwa shangazi mezani. Baada ya miezi michache alikuja jirani yake wa zamani kumjulia hali, akaandaliwa chai, akapewa kitabu. Alipofika ukurasa wa tatu aliomba miwani yake ya kusomea, akacheka, akauliza penseli iko wapi. Nilipokwenda tena Tanga nilikuta mstari ule umejazwa kwa mwandiko wa mtu mzima unaotetemeka: jina lake, la baba yake na la babu yake, na chini yake, "tulikuwa naye relini".